Fungua Kwanza Ukurasa wa Maji

Chemchemi ile ilikuwemo katika kitabu chetu cha kuongoza safari. Kwenye ramani ilikuwa na alama yake ndogo ya bluu, na kwenye maelezo ya njia ikatajwa tena kwa maneno mawili: maji yapo. Mimi na dada yangu mkubwa tuliifikia saa saba mchana, baada ya kushuka tangu alfajiri kutoka kwenye mgongo wa mlima wenye misonobari hadi chini, mahali ambapo kijani kinakwisha na kubaki mawe, mchanga na vichaka vya miiba. Maji tuliyokuwa nayo sote wawili hayakufika lita moja na nusu. Tulikuta mwamba mkavu, mstari mweupe wa chumvi ulioonyesha maji yalikuwa yakifika wapi zamani, na nyuki wachache wakihangaika kwenye ufa.

Dada akakaa kwenye kivuli chembamba cha mwamba, akaniambia nimpe kitabu. Akaisoma aya ile mara mbili, taratibu, kisha akaniuliza: "Huyu aliyeandika alipita hapa mwezi gani?"

Nikapekua dibaji, nikapekua kurasa za mwisho. Hapakuwa na jibu. Hapakuwa hata na dalili kwamba mwandishi aliwahi kujiuliza swali hilo.

Tulingoja pale hadi jua lilipolegea, kwa sababu kutembea saa nane mchana katika joto lile kungetumaliza. Tulikosea jambo moja zaidi: tulibana maji, tukawa tunalamba kidogo kidogo, na chupa ikafika jioni ikiwa bado na kitu ndani huku dada kichwa kikimpasuka. Baadaye nilijifunza kwamba maji yaliyo kwenye chupa hayamsaidii mtu mwenye kiu. Anywe anapohitaji, na akili yake aitumie kupunguza jasho kwa kukaa kivulini. Tulifika barabarani saa nne usiku kwa mwanga wa tochi. Kwa saa nzima ya mwisho dada hakusema neno, na mimi nilikuwa nimebeba mabegi yote mawili.

Alipata nafuu baada ya siku mbili. Siku hizo mbili nilizitumia kukisoma kitabu kile upya, safari hii kama mtu anayemhoji shahidi.

Kilikuwa kitabu kinene, kizuri kwa macho, cha nchi nzima. Kilikuwa na miji, fukwe, majumba ya makumbusho, na picha za machweo zilizojaza kurasa mbili mbili. Eneo tulilokwenda sisi, milima pamoja na jangwa lililo miguuni pake, lilipewa kurasa sita. Katika kurasa sita mtu anaweza kusifia mahali. Hawezi kumweleza msafiri apite wapi, achukue maji kiasi gani na ageuke saa ngapi. Kosa la kwanza lilikuwa langu kabla hatujatoka nyumbani, kwa sababu nilinunua kitabu cha kutamani mahali nikakitumia kama kitabu cha kufika huko.

Tangu hapo natafuta kitabu cha eneo, tena eneo dogo kiasi kwamba mtu mmoja mwenye miguu miwili anaweza kulimaliza kwa miaka michache. Ukiona kitabu kimoja chenye mwandishi mmoja kinaeleza njia za nchi nzima, jiulize alizipita lini zote. Huenda alizipita nyingine, na nyingine alizisimuliwa. Si dhambi kusimuliwa, mradi aseme.

Ila udogo peke yake hautoshi. Inategemea eneo limekatwa wapi. Vipo vitabu vinavyofuata mipaka ya mkoa, na mpaka wa mkoa haujui mlima unaishia wapi. Mlima na jangwa lililo nyuma yake mara nyingi ni habari moja. Upepo wenye unyevu unapogonga safu ya milima hupanda, hupoa, na kumwaga mvua upande ule unakotokea. Ukishavuka kilele unashuka ukiwa mkavu na wenye joto, na upande huo wa pili ndio unaoitwa kivuli cha mvua. Kwa hiyo theluji ya kule juu na mchanga wa huku chini vimezaliwa na upepo uleule. Huko California, kilele cha Mount Whitney kina mita 4,421, na bonde la Badwater katika Death Valley liko mita 86 chini ya usawa wa bahari. Kati ya mahali hapo pawili, ukipima kwa mstari ulionyooka, hakufiki kilomita 140. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzijoto 6.5 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo siku moja, saa ileile, mahali hapo pawili panaweza kutofautiana kwa karibu nyuzijoto 29. Mtu anayetaka kutembea katika nchi ya namna hiyo anahitaji kitabu kinachoziona pande zote mbili kwa pamoja: kinachosema mwezi fulani nenda juu, chini patakuua, na mwezi fulani nenda chini, juu kumefungwa na theluji. Kitabu chetu kilisema "msimu mzuri: mwaka mzima." Maneno hayo nikiyaona leo nafunga kitabu papo hapo.

Mara ya pili kuchagua, nilikuwa na vitabu viwili mkononi na sikujua nianzie wapi. Vyote vilikuwa vya eneo lilelile, vyote vya ukubwa wa kuingia mfukoni. Nikafanya jambo ambalo nimeendelea kulifanya hadi leo na ambalo nadhani ndilo bora kuliko yote nitakayoyasema hapa: nikatafuta katika vyote viwili njia ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeipita mara nyingi. Katika njia hiyo kuna mahali panapopoteza watu. Ukishavuka kijito cha pili, njia pana iliyokanyagwa vizuri inakwenda kushoto, na hiyo ni njia ya mifugo. Inakupeleka kwenye uwanda wa majani na kukuacha hapo. Njia yenyewe ni nyembamba, imejificha nyuma ya jiwe kubwa upande wa kulia. Nilishawahi kukutana na wageni wanne kwa nyakati tofauti, wote wamekwama kwenye uwanda uleule.

Kitabu cha kwanza kiliandika: vuka vijito viwili na uendelee hadi kileleni. Cha pili kiliandika kwamba baada ya kijito cha pili njia iliyo wazi zaidi siyo, na mtu atafute jiwe lenye ukubwa wa chumba upande wa kulia. Cha pili hakikuwa na picha hata moja ya rangi. Karatasi zake zilikuwa nyepesi na ramani zake zimechorwa kwa mkono. Nilikichukua bila kufikiri zaidi, kwa sababu yule mtu alikuwa amesimama pale niliposimama mimi, akababaika kama nilivyobabaika, akakumbuka kuandika.

Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya Karl Baedeker, yule Mjerumani mchapishaji wa vitabu vya safari wa karne ya 19, ambacho nakipenda sana. Alionekana akipanda ngazi za kanisa kuu la Milano kuelekea paani, na kila baada ya hatua 20 alitoa punje ya njegere kwenye mfuko wa kizibao akaitia kwenye mfuko wa suruali. Alipokuwa akishuka akarudia hesabu kwa kuzirudisha, ahakikishe namba inalingana. Alitaka msomaji akiambiwa ngazi ni kadhaa, ziwe kadhaa. Ninapokisoma kitabu cha njia huwa najaribu kuzihisi punje zile za njegere. Zinaonekana kwenye mambo madogo: "dakika kumi baada ya uzio," "mti mmoja peke yake," "hapa usidanganyike na rundo la mawe lililo chini, lilijengwa na watu waliopotea."

Sasa maji. Kitabu cha milima peke yake kinaweza kusamehewa uzembe kidogo hapa, maana mlimani ukikosa kijito hiki utapata kile. Jangwani hakuna msamaha huo. Kwa hiyo kitabu chochote cha nchi kavu nakifungulia kwanza ukurasa wa maji, kabla ya dibaji, kabla ya ramani. Nataka kujua chanzo ni cha namna gani, kwa kuwa chemchemi inayotoka kwenye mwamba, dimbwi la mvua lililobaki kwenye shimo la jiwe, kijito cha msimu na tangi la mifugo ni vitu vinne tofauti, na alama ya bluu kwenye ramani haivitofautishi. Nataka mwezi na mwaka mwandishi alipoyaona yale maji. Nataka kuambiwa kama yanahitaji kuchemshwa, kuchujwa au kutiwa dawa. Na nataka sentensi inayokosekana katika vitabu vingi: ukikuta pakavu, maji mengine ya karibu yako wapi, na kama huna ya kukufikisha huko ugeukie wapi.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa siku ya joto jangwani mtu mmoja anaweza kuhitaji lita nne na zaidi, kwa hiyo safari ya siku mbili isiyo na maji njiani ina maana ya kilo nane hivi mgongoni kabla hujatia chakula wala blanketi. Mwandishi aliyezibeba kilo hizo hawezi kuandika "maji yapo" kwa maneno mawili. Mgongo wake hautamruhusu. Na aliye makini zaidi ataongeza jambo ambalo mimi nililisikia nimechelewa sana, kwamba kunywa maji matupu kwa wingi bila kula chochote chenye chumvi nako ni hatari, kwa sababu jasho linatoa chumvi pamoja na maji, na damu ikipungukiwa chumvi mtu huchanganyikiwa na anaweza hata kufa akiwa na chupa iliyojaa mkononi.

Miaka kadhaa baadaye mimi na dada tulikwenda Grand Canyon, huko Arizona. Mahali pale ni mlima uliopinduliwa. Unaanzia juu, kwenye ukingo wa kusini wenye misonobari, ulio juu ya mita 2,000, na unashuka hadi jangwani kwenye mto Colorado, zaidi ya mita 1,300 chini yako. Mlimani unachoka ukipanda, na mwili unakuomba ugeuke ukiwa bado na mteremko wa kukusaidia kurudi. Pale unashuka ukiwa na nguvu za asubuhi, hewa inazidi kuwa ya moto kila hatua, na kazi yote inakungoja wakati wa kurudi, jua likiwa la utosi.

Tulikuwa na kitabu cha zamani kidogo, nami nilikiamini kwa sababu moja. Kwa njia iitwayo Bright Angel, tuliyoishuka sisi, mwandishi hakueleza safari moja ya kufika chini. Alieleza mahali kadhaa pa kugeukia, kimoja baada ya kingine: kibanda cha kwanza cha mapumziko, kama kilomita 2.4 kutoka ukingoni. Cha pili, kama kilomita 4.8; kisha bustani ya miti chini zaidi. Kwa kila mahali alisema umeshuka kiasi gani na kupanda kutakuchukua muda gani. Wala hakumwonea haya msomaji. Alisema wazi kwamba kwenda mtoni na kurudi kwa siku moja wakati wa joto si jambo la kujaribu, na wahifadhi wa pale nao wanasema hivyohivyo.

Jambo la pili alilolisema lilikuwa juu ya maji, na hapo nilimpenda. Maji ya vibanda vile hayatoki ardhini hapo. Yanaletwa na bomba linalovuka korongo kutoka chemchemi za upande wa kaskazini. Bomba lilijengwa katika miaka ya 1960 na limekuwa likipasuka mara kwa mara, na wakati wa baridi maji ya vibandani hufungwa. Kwa hiyo aliandika: kabla hujashuka, uliza asubuhi ileile kama bomba linafanya kazi. Hakutoa ahadi, alimpa msomaji swali la kuuliza. Tuliuliza, tukaambiwa kibanda kimoja hakina maji siku hiyo, tukajaza chupa zetu zote palepale juu.

Tulipofika kwenye ile bustani ya miti nilishangaa, kwa sababu jina la kwenye kibao halikuwa jina la kitabuni. Kitabu kilisema Indian Garden. Kibao kilisema Havasupai Gardens. Jina lilibadilishwa rasmi mwaka 2022 kwa ombi la watu wa Havasupai, ambao wazee wao waliishi na kulima pale hadi walipofukuzwa ili pawe hifadhi. Nilikaa chini ya miti ile nikaifikiria habari hiyo kuliko nilivyoyafikiria maporomoko na rangi za miamba. Kitabu kilikuwa sahihi kwa kilomita, sahihi kwa mwinuko, lakini kilikuwa kimenyamaza juu ya watu ambao mahali pale palikuwa pao. Tangu siku hiyo nimeongeza jambo hilo katika ninayoyatafuta. Nataka mwandishi ajue ardhi ile ni ya nani, majina ya asili yana maana gani, wapi pa kuomba ruhusa, na wapi msafiri hapaswi kukanyaga hata kama hakuna uzio.

Tuligeukia pale, kama kitabu kilivyoshauri. Kwenda na kurudi kulikuwa karibu kilomita 15, na kupanda kwa zaidi ya mita 900. Dada alifika juu akiimba.

Kuhusu muda, nina kipimo ninachokitumia nikiwa bado nimesimama mbele ya rafu ya vitabu. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland aitwaye William Naismith alitoa kanuni ambayo hadi leo inafanya kazi: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano hivi, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Nachukua njia yoyote kitabuni. Kama ni kilomita 12 na kupanda mita 900, nitapata saa mbili na dakika 24 za kutembea, na saa moja na nusu ya kupanda. Jumla karibu saa nne bila kupumzika. Kitabu kikisema saa mbili na nusu, mwandishi anakimbia au hakuwahi kufika. Kikisema saa tano, ametembea na watu wa kawaida, akasimama kunywa maji na kutazama. Kwenye mchanga laini hata Naismith hatoshi, maana kila hatua inarudi nyuma kidogo, na mwandishi mwema ataongeza muda na kueleza kwa nini.

Neno "wastani" lilishanipeleka mahali pabaya pia. Njia iliandikwa ya wastani, na saa sita mchana nikajikuta nimeshika mwamba kwa mikono yote miwili, chini yangu pengo la urefu wa nyumba. Kwa mwandishi yule, aliyekuwa mpanda miamba, ilikuwa wastani kweli. Ndiyo maana vipimo vilivyokubaliwa na wengi vina faida: Waswisi wana ngazi zao kutoka T1 hadi T6, Wamarekani wana madaraja yao kutoka la 1 hadi la 5, ambapo la 3 maana yake mikono itahitajika. Mwandishi akiwa na kipimo chake mwenyewe sina ugomvi naye, ila akieleze mwanzoni na atoe mfano wa njia inayojulikana kwa kila ngazi.

Ramani za ndani ya kitabu ni za kuelewa, si za kutembelea. Kwenye ramani ya 1:50,000 kilomita moja ni sentimita mbili. Kwenye 1:25,000 ni sentimita nne. Kwenye ramani ya 1:250,000 kilomita moja ni milimita nne tu, na hapo korongo zima linajificha chini ya unene wa kalamu. Hata ramani nzuri yenye mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko, kila mita 20 inaweza kuficha ukuta wa mita 15 kati ya mstari na mstari, na ukuta wa mita 15 unatosha kumaliza safari. Kwa hiyo namheshimu mwandishi anayesema: kwa njia hii chukua karatasi fulani ya ramani, tena kwenye ramani hiyo kuna ukuta usioonekana hapa na hapa. Akitoa namba za GPS, aseme zimepimwa kwa mfumo gani. Vifaa vya leo hutumia WGS84, lakini ramani nyingi za zamani za Marekani zilichorwa kwa NAD27, na huko magharibi ya nchi ile kuchanganya mifumo hiyo miwili kunaweza kukuweka karibu mita 100 au zaidi mbali na ulikokusudia. Usiku, ukitafuta mdomo wa korongo, mita 100 ni nyingi.

Jambo ninalolisoma kwa uangalifu kuliko hata maji, ikiwa njia inapita ndani ya korongo jembamba, ni mafuriko ya ghafla. Tarehe 12 Agosti 1997, kwenye korongo la Antelope huko kaskazini mwa Arizona, watembeaji 11 walikufa kwa ukuta wa maji uliotokana na mvua iliyonyesha mbali, upande wa juu wa bonde. Walipokuwa wao mvua ilikuwa haba. Ardhi ya jangwa ni ngumu na ina mimea michache, kwa hiyo mvua kubwa haiingii chini. Inateleza, inakusanyika, na korongo ni mfereji wake. Kitabu kinachosema "epuka wakati wa mvua" hakijasema kitu, kwa sababu mvua yenyewe huioni. Kinachofaa ni kile kinachoeleza bonde lote linalomwaga maji ndani ya korongo lile ni kubwa kiasi gani na liko upande gani, ili ujue wingu lipi la kulitazama. Kinachotaja miezi ya radi. Na kinachohesabu mahali pa kupandia kutoka: kuna ngazi ya miamba baada ya kilomita moja, kisha hakuna pa kutokea kwa kilomita mbili. Nimewahi kukaa mdomoni mwa korongo asubuhi nzima, anga juu yangu ikiwa safi kabisa, kwa sababu kitabu kiliniambia nitazame milima ya mashariki na mashariki kulikuwa na wingu jeusi. Korongo halikujaa siku ile. Sijawahi kuijutia asubuhi hiyo.

Upande wa milima mirefu nako kuna ukurasa wa namna hiyo. Kuanzia mita 2,500 hivi mwili wa mtu huanza kulalamika, na ukishapita mita 3,000 ushauri wa kawaida wa madaktari wa milimani ni kutopandisha mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Naangalia kama vituo vya kulala alivyopanga mwandishi vinaiheshimu kanuni hiyo. Vinapokiuka bila maelezo, najua alipanga safari juu ya meza.

Mwaka wa kitabu huwadanganya wengi. Kuchapwa tena si kuandikwa upya. Kile kitabu chetu cha kwanza kilikuwa kimechapwa miaka miwili tu kabla ya safari yetu, na nilijivunia upya wake. Nilipokuja kuusoma ukurasa ule wa maandishi madogo nikaona maandishi yenyewe yalikuwa na umri wa miaka kumi na tano na kilichobadilika ni jalada. Siku hizi natafuta neno "toleo," kisha nasoma dibaji kuona mwandishi anasema alirudi wapi na nini kilibadilika. Moto wa msitu unafuta njia kwa mchana mmoja. Daraja huondoka na maji. Barabara ya kufikia mwanzo wa njia hufungwa na safari ya saa tano ikawa ya saa nane.

Hata hivyo sivitupi vya zamani. Mgongo wa mlima haujahama, na waandishi wa zamani waliokuwa hawana picha za setilaiti walilazimika kueleza kwa maneno umbo la kila bonde. Nikiwa na nafasi nasoma cha zamani usiku kabla ya safari na kubeba kipya. Simu nayo naibeba, ina ramani na maoni ya watu waliopita juzi, na maoni ya juzi juu ya chemchemi ni dhahabu. Lakini ndani ya korongo mtandao haufiki, betri hufa kwa baridi ya usiku, na alama za njia zilizowekwa na watumiaji zinawahifadhi waliopotea sawasawa na waliofika.

Na kuna sentensi moja ambayo nikiikuta, mara nyingi ndiyo inayoniamulia. Ni pale mwandishi anaposema: sehemu hii sikuipita mwenyewe. Mtu anayekiri asichokijua katika ukurasa wa 80 namwamini katika kurasa nyingine zote.

Mwaka jana tulirudi kwenye ile chemchemi, mimi na dada, wakati wa majira ya baridi, kila mmoja na lita tano zake. Kitabu tulichobeba kilisema juu yake hivi, kwa kifupi: chemchemi dhaifu, ilitoa matone mwezi wa tatu, ilikauka kabisa mwezi wa tisa, usiihesabu katika mipango yako, tangi la mifugo liko saa moja na nusu upande wa kusini. Tulikuta mchanga umelowana chini ya mwamba. Dada akachimba kwa mkono kiasi cha kina cha kikombe, tukangoja, na baada ya robo saa shimo likawa na maji ya rangi ya chai. Hatukuyanywa, hatukuyahitaji. Akaniomba kalamu, akaandika pembeni ya ukurasa tarehe, saa, na maneno "mchanga mbichi, robo saa kujaa kikombe." Jioni ileile, tulipofika kwenye mtandao, akaupiga picha ule ukurasa na kumtumia mwandishi.

Alijibu baada ya siku tatu. Aliuliza kama nyuki walikuwepo.